Njia Inayolia

Bi Tunu alimwita fundi Mbaruku amwekee kokoto kutoka getini mpaka barazani, na sharti lake lilikuwa moja tu: zilie kila mtu akipita.

"Basi tusizikimbilie kokoto, mama," fundi alimwambia. "Udongo huu laini. Tukizimwaga juu juu, mvua moja tu zinazama, njia inanyamaza."

"Isinyamaze," alisema Bi Tunu. "Fanya inavyotakiwa."

Siku tatu Mbaruku alichimba, akapanga mawe makubwa chini, akajaza kifusi na kukishindilia kwa gogo zito mpaka pakawa pagumu kama sakafu. Kila alipomletea maji ya kunywa, Bi Tunu aliuliza kama kazi itakwisha kabla mumewe hajarudi safari Ijumaa. Fundi aliziona alama za vidole shingoni mwake, akarudi kushindilia.

Alhamisi mchana, fundi akisambaza kokoto za mwisho, geti lilifunguka. Mume alikuwa amewahi kurudi. Alitembea mpaka barazani, kokoto zikisagika chini ya viatu vyake, kisha akageuka akarudi getini polepole, akizisikiliza.

"Kazi nzuri, fundi. Nani alizitaka?"

Mbaruku alimtupia jicho Bi Tunu, aliyekuwa ameishika nguzo ya baraza.

"Ni wazo langu, bwana. Nilihofia tope la masika."

Mume alitabasamu. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kuja tena barazani, safari hii akipita pembeni, juu ya nyasi.

Bi Tunu alifumba macho, akatega sikio. Hakusikia kitu.