Pua ya Utosini

Pomboo alikuwa amevutwa mpaka mchangani, na wanaume walikuwa wamempiga marungu hadi macho yakavilia damu, lakini roho ilikataa kutoka.

"Mzibe pua," Kombo alimwamuru mkewe. "Ile pale utosini. Hawa huvuta hewa kama sisi. Kisu sitaki. Huyu ni chambo cha papa; damu yake ikiishia hapa mchangani, papa watafuata nini?"

Mwanamvua alikunja ncha ya kanga, akapiga magoti. Pua yenyewe ilikuwa tundu moja lenye kifuniko cha nyama. Kifuniko kilifunguka, kikampulizia usoni pumzi ya moto, kikafyonza hewa na kujifunga kufumba na kufumbua. Baada ya muda kikafunguka tena.

"Gandamiza. Unaogopa nini?"

Haikuwa hofu. Uvutaji ule wa pumzi aliujua. Kila Kombo alipompiga, alimziba pua na mdomo kwa kiganja ili majirani wasisikie, naye alikuwa amejifunza kuiba pumzi vidole vinapolegea.

Kombo alichoka kungoja. Akamzaba kofi, akaudaka mkono wake wa kulia na kuukandamiza juu ya tundu kwa uzito wake wote. Chini ya viganja vyao mnyama akatetemeka mwili mzima.

Mkono wa kushoto wa Mwanamvua ulipapasa mchangani, ukakuta rungu lililoachwa na wale wanaume, ukalishika.

Vidole vya Kombo vikalegea kidogo ili vishike vizuri zaidi. Tundu likafunguka, na wote wawili, pomboo na mwanamke, wakavuta pumzi.