Ya Kijani na ya Bluu

Fundi alifuta picha za harusi yake moja moja, huku akiuma midomo. Simu ilikuwa imejaa, na ile programu ya bluu ya simu za video ilidai nafasi kama mgeni anayetaka kitanda kizima peke yake.

"Futa na hiyo ya keki," alisema jirani yake, msusi, aliyeketi kando ya cherehani. "Keki yenyewe ililiwa zamani."

"Kwani ya kijani ina ubaya gani? Wateja wangu wamo humo. Kikundi cha kina mama kimo humo. Hata misiba tunapashana humohumo."

"Watu huenda walipo watu, dada. Sisi tulianza na kijani kwa sababu bando lake lilikuwa rahisi, tukaganda. Kule ng'ambo waliko binti zetu, wote wako bluu. Wangu alipofika, kimya, nikawa sili silali. Nilipohamia bluu tu, uso huo, anacheka."

Uso. Huo ndio alioutaka Fundi. Binti yake mkubwa alikuwa kwenye mwezi wa pili ugenini, na kila asubuhi meseji iliingia, kwa namba ileile aliyoondoka nayo. Lakini akipigiwa, hapokei. "Mtandao wa huku ni wa kuandika tu, mama mpenzi," hujibu.

Mama mpenzi. Nyumbani alikuwa akimwita Fundi, kama wateja, tena kwa kejeli: "Fundi, chakula lini? Au nacho ni njoo kesho?" Ugenini kumemtia adabu, mama alijiambia, ila moyo ulikataa kutulia.

Sasa binti huyo alikuwa amemwita mdogo wake, Kitinda. Kazi ipo, wakala ni yuleyule aliyempeleka yeye, aje upesi kabla nafasi haijaenda kwa mwingine. Gari la wakala lingekuja mchana huohuo. Fundi hakutaka makubwa. Kabla hajamtoa wa pili, amwone wa kwanza, japo dakika moja.

Programu ilizunguka, ikazunguka, ikakwama. Akaanza upya. Ikakwama tena.

"Hili dude linanichezea," alisema.

Kitinda alitoka chumbani akiburuta begi. "Mama, gari hilo limefika. Dereva anasema hasubiri mtu."

"Mwambie hata mimba husubiriwa."

Kitinda akacheka, akatoka na begi lake.

Msusi aliichukua simu, akabonyeza hapa na pale. "Na wewe umezidi ubishi, dada. Ungehamia mapema. Mwezi mzima na zaidi bila neno la mtoto, mimi ningeshakuwa chizi wa kuokota makopo."

"Bila neno gani? Ananiandikia kila siku. Hata leo asubuhi kaandika."

"Kaandika wapi, na bluu ndiyo kwanza tunaiweka?"

"Si kwenye kijani humohumo."

Msusi aliinua uso taratibu. "Dada, kule kijani ilifungwa na serikali yao tangu mwaka juzi. Haifunguki kwa mtu yeyote. Ndiyo maana wote wakahamia bluu."

Nje, mlango wa gari ulifunguliwa. Simu ikatetemeka mikononi mwa msusi, ujumbe kwenye kijani: "Mama mpenzi, mdogo wangu ameshapanda?"