Waya wa Kitufe Chekundu

"Na panya akiutafuna huo waya, mwalimu?"

Zakariya aliifunika kalamu ya ubao polepole. Ilikuwa Jumamosi ya tano, na kwa mara ya tano mwanamke yule amemkatiza kwa swali lile lile. Faiz, fundi umeme aliyeketi benchi la mbele, alicheka kwa pua.

"Bi Everlyne," alisema Zakariya, "hapa twafundisha kuamrisha mitambo. Habari za panya kaulize Marikiti."

Darasa lilicheka. Everlyne hakucheka wala hakuinamisha uso. Aliandika kitu daftarini.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vitambaa, mtaani Kuze. Zakariya Hadi alikikodi baada ya miaka mingi ya kufunga mitambo viwandani na maghalani, mingi hata asiikumbuke yote, na wanafunzi wake walikuwa mafundi wa Kilindini waliotaka kuijua PLC, kile kisanduku kinachopangiwa lini kiwashe mota na lini kiizime. Wote walikuwa na kazi ya kuitumia elimu hiyo. Everlyne alikuwa mshonaji wa nguo za shule, anakaribia hamsini. Elimu hiyo angeipeleka wapi?

Zakariya alishajaribu kumfukuza bila kumwambia toka. Alimkalisha nyuma, kwenye kisanduku kilichoungua nusu. Salamu zake aliziitikia akiwa amempa mgongo. Jumamosi ya tatu, Everlyne alipofunga nyaya vibaya, mwalimu aliwaita wenzake waje watazame, kisha akazing'oa zote mbele yao. Mwanamke aliziokota sakafuni moja moja, akaanza upya.

Lililomkera zaidi ni macho yake. Wengine walitazama ubao. Yeye alimtazama mwalimu, kama mteja anayechunguza kitambaa asichokiamini.

Leo aliamua kummaliza.

"Njoo mbele. Funga mota hii, kitufe cha kijani cha kuwasha, chekundu cha kuzima. Ukishindwa, usirudi tena."

Everlyne alikuja. Vidole vilivyozoea sindano vilipitisha nyaya bila papara, moja baada ya nyingine. Alibonyeza kijani, mota ikazunguka. Alibonyeza chekundu, ikasimama. Akaiwasha tena, akarudi nyuma hatua moja.

Hakuna aliyecheka. Zakariya alihisi uso umempanda moto. Alichukua koleo, akaukata waya wa kitufe chekundu. Mota ilisimama papo hapo.

"Haya, huyo ndiye panya wako. Kitufe hiki kinapitisha umeme muda wote. Waya ukikatika umeme unakoma, kisanduku kinajua pana hitilafu, kinazima mota. Umeridhika?"

"Na aliyefunga kinyume? Umeme upite pale tu mtu anapobonyeza?"

"Basi waya ukikatika, utabonyeza mpaka kidole kivunjike na mashine haitasikia. Itaendelea tu."

"Fundi anaweza kukosea hivyo bila kujua?"

"Hili hata mwanagenzi analijua," alisema Zakariya, akiligeukia darasa zima ili wasikie. "Anayefunga hivyo ana haraka ya kwenda kwingine. Huyo si fundi, ni muuaji."

"Wasema hivyo mbele ya hawa?"

"Mbele ya yeyote."

Everlyne alirudi kwenye kiti chake, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitandaza mezani mbele ya mwalimu, kidole gumba kimeibana pembe ya chini. Ulikuwa mchoro uliochapishwa kwa kompyuta, wino umefifia: mkanda wa kubebea magunia, wa ghala moja upande wa Kibarani.

"Nisomee hii, mwalimu. Nimejaribu mwenyewe, lakini sitaki nimsingizie mtu."

Zakariya aliitupia jicho, akaguna. Kisha akaifuata mistari kwa ncha ya kalamu, kutoka kitufe hadi kisanduku, na dharau ikamrudia.

"Faiz, njoo uone ujinga. Kitufe kimefungwa kinyume. Na waya wenyewe umepitishwa chini ya sakafu, kwenye unga na panya." Alimgeukia Everlyne. "Mashine hii ingali yafanya kazi? Mwambie mwenye ghala aizime leo. Mtu atakufa."

"Alikufa. Mkanda ulimshika mkono wa shati." Sauti yake haikupanda. "Ripoti ilisema ni uzembe wake, hakubonyeza."

"Ripoti ya uongo hiyo. Kwa mchoro huu angebonyeza asibonyeze, ni sawa tu."

"Waliokuwepo walisema alibonyeza mara nne. Hakuna aliyewasikiliza."

"Mimi nitaandika," alisema Zakariya. Faiz alikuwa kando yake, na darasa lote linamsikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu mwanamke yule aingie darasani mwake alijiona yu upande wake. "Nitaandika na kutia sahihi. Alikuwa nani wako?"

"Mume wangu," alisema Everlyne, akakiondoa kidole gumba.

Kwenye pembe ya karatasi palikuwa na jina la fundi aliyeufunga mtambo: Zakariya Hadi.