Kitambaa Juu ya Betri

Mama Nsia aliikuta laptopu ya binti yake imefura katikati kama andazi linaloumuka. Akapiga simu dukani.

"Betri imevimba, baba. Waranti bado ina miezi minne."

"Usiifungue, mama. Stika ya dukani ikibanduka tu, waranti imekufa. Subiri fundi akupigie."

"Basi niitoe nje? Mtoto analala chumba hichohicho."

"Ikipata umande, napo waranti imekufa. Wewe subiri."

Akasubiri. Kila akipiga, sauti mpya inamwuliza jina upya. Jirani yake akamwambia, "Mwenzangu, waranti haizimi moto!" Hakusikia. Aliifunika laptopu kwa kitambaa cha kufuma, kama afunikavyo kila kitu cha thamani, akaiacha mezani kando ya kitanda.

Mchana wa siku ya tisa Nsia alilala na homa. Mama akapiga tena. "Tafadhali subiri," ikasema sauti, kisha muziki. Akasimama mlangoni, simu sikioni. Chumba kilinuka utamu wa betri inayovuja, kama ndizi zilizoiva mno. Kitambaa kilipanda polepole, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

Nsia akajigeuza usingizini, akakishika kitambaa, akaanza kukivuta ajifunike.