Kitambaa Kilichodondoka

Hatibu, aliyefunzwa kuosha magari na Kibwana, sasa alifundisha mji mzima kwa video. Kibwana aliitazama ile mpya huku roho ikimuuma, akitafuta kosa. Akalipata: kitambaa kilidondoka mchangani, Hatibu akakiokota, akaendelea kung'arisha boneti.

Kibwana akaandika chini yake, "Kitambaa kikidondoka, usikirudishe kwenye rangi." Kisha akaona jinsi watu walivyomwita Hatibu bingwa, akayafuta maneno yake. Akaandika, "Hongera, mwanangu."

Kesho yake jirani yake Mwanaidi alileta gari lake jeusi, boneti imejaa mikwaruzo kama utando wa buibui.

"Kitambaa kilinidondoka, nikakiokota kama yeye," alisema. "Nilisita, lakini wewe mwalimu wake ulishampa hongera."

Kibwana alipitisha kidole juu ya mikwaruzo, taratibu, akitafuta ilipoanzia.