Mzimu wa Kichuguu

Kuku wa zamani hawakumwogopa mwewe kama walivyokiogopa kichuguu kimoja. Kicheche, aliyejifanya kuhani, aliwaonya: "Humo mna mzimu ulao mayai. Upelekeeni mkiwa mmefumba macho. Mkisikia sauti, msiitike wala msichungulie! Mzimu huiga sauti ya yeyote." Kumbe mlaji ni yeye, aliyeingilia kwa nyuma.

Siku Tetea, mwoga kuliko wote, alipopeleka yai lake, Chatu alikuwa amemvizia Kicheche humo na kumzonga.

"Tetea, mwanangu! Chatu ananila! Ni mimi, kuhani wako!"

Tetea aliijua sauti ile. "Ama kweli mzimu huiga!" Akafumba macho kabisa, akasukuma yai ndani. Sauti ikakatika.

"Mzimu umepokea," akanong'ona. Kesho yake akaleta mawili.