Miezi Kumi na Tisa

Siku hizo kibali cha ujenzi hakikutolewa na mtu. Manispaa ilisimamisha mtambo wake kiwanjani kwa mwombaji mwezi mzima, ukatazama watu wanavyoishi, ndipo ukaamua. Mwatumu alikuwa ameomba kumjengea binti yake nyumba kwenye bustani ya mbele, na leo barua ya mtambo imefika.

Kadiri alivyoisoma ndivyo alivyozidi kustaajabu. Mtambo ulijua kwamba mwasumini wake hunyweshwa maji ya kuoshea mchele, ukashauri usiguswe. Ulijua jua la saa nne huingilia dirisha gani. Uliona hata jambo ambalo yeye na Bi Hidaya wa ng'ambo ya barabara hawakuwahi kulitaja: kila alfajiri kila mmoja hufungua mlango, humtazama mwenzake, hupunga mkono, ndipo huwasha jiko.

"Afisa gani angeyaona haya?" Mwatumu akamwambia binti yake. "Huu umetujua hasa."

"Kwa hiyo tumekubaliwa, mama?"

"Tumekubaliwa. Ila tusianze mpaka miezi kumi na tisa ipite, maana nyumba itawaziba wakazi wawili wasionane." Akasoma taratibu: "'Baada ya hapo hawatahitaji tena kuonana.'"

Binti akaichukua barua, akausoma mstari huo mwenyewe.

Kesho yake alfajiri Bi Hidaya akapunga mkono. "Shoga, wamesemaje?"

"Wamekubali," Mwatumu akajibu, mkono wake ukiwa bado juu. Barua haikusema ni mlango upi kati ya hiyo miwili utakaobaki umefungwa miezi hiyo ikiisha.